Yaya, Kidaraja Kile Ulikifunga Mwenyewe

Yaya Paluku, kaka yangu,

Kifurushi chako kilifika. Naanza na hilo ili usije ukasema nimekula mali yako. Kilifika kimeviringishwa gunia la sukari na kufungwa kwa mpira wa baiskeli, bila barua, bila hata kikaratasi cha kuniuliza mimi dada yako mdogo, mudogo wangu uko mzima. Nilikikata kwa kisu nikiwa nimerudi nyuma kidogo. Ndiyo, nyuma. Ulitegemea nini? Mtu anaondoka Goma bila kuaga, anakaa kimya mpaka watu wanaanza kumtaja kwa sauti ya chini, halafu siku moja anatuma ubao wa umeme kwa boti inayofika soko la Kituku. Nami niukumbatie?

Na ungekuwa ubao wa kuchezea ningeuweka juu ya kabati nikaendelea na kazi. Lakini nilipoona zile njia tatu za umeme zimepangwa kuelekea upande mmoja, nilijua mara moja ni wa nini. Ulikuwa wa kulisha karti, ile kadi ya kompyuta ya hospitali ya masista wa Mapendo. Na wewe unajua, au labda hujui, kwamba karti tuliyobaki nayo ndiyo ya mwisho. Tangu ndege ziache kutua hapa hakuna mtu wa kutuletea nyingine. Nikiuchomeka ubao wako na ubao ukadanganya, karti inakufa pale pale, na watoto wachanga wa pale maternite, kwenye wodi ya uzazi, hawatapata tena kitu cha kuwaangalizia oksijeni zaidi ya macho ya muuguzi.

Kwa hiyo nilikushuku. Nilikushuku kwa roho yote, yaya, na sitajifanya sikufanya hivyo.

Unakumbuka kushuku tulifundishwa wapi? Pale pale mtaani Birere, kwenye atelie ya Papa, karakana yetu, chini ya lile bati lililotoboka ambalo kila mvua ilikuwa inatafuta kichwa chako. Wewe ulikuwa na mikono mikubwa na sudire nene, ile risasi ya kuyeyusha ya kuchomelea, unaweka doa la bati linalong'aa kama punje ya mahindi. Mimi sudire yangu nyembamba, ya kubana, mpaka Papa alikuwa anasema, "Kavira anachomelea kama mutu mwenye njaa, hataki kutoa." Ulicheka mpaka ukaangusha bisibisi. Nilikununia siku nzima.

Lakini sheria yake ilikuwa moja na hakuna aliyeivunja. Anayetengeneza hapimi. Ukitengeneza wewe, napima mimi. Nikitengeneza mimi, unapima wewe. "Mutu asijipimie kazi yake," Papa alikuwa anasema, "macho yake inamupendelea." Ndiyo maana kwenye kila ubao wetu njia za umeme zilikuwa zinakatwa makusudi karibu na mwisho, umeme unafika pale unasimama. Anayepima akiridhika ndipo anachomelea kipande cha waya kuunganisha, kile tulichokiita kidaraja, kwa mkono wake yeye. Ukifungua kazi yoyote iliyotoka kwetu unakuta sudire za watu wawili. Watu wa Birere walituona wendawazimu. Papa alikuwa anawajibu kwamba kazi yenye mkono mmoja ni kazi ya mutu asiye na ndugu.

Na kile chakula! Hicho nakikumbuka kuliko vyote. Kabla ya kufunga vidaraja tulikuwa tunafunga ampule za piki, zile balbu ndogo za taa ya mbele ya pikipiki, moja kwa kila njia, ubao ubebe mzigo wa kweli. Kwa sababu umeme usiobeba kitu unaweza kukuonyesha namba nzuri sana kwenye kipimo, halafu ukiupa kazi unaanguka. Tukishaziwasha tunakaa kula. "Tukule na yeye akule," Papa anasema, akionyesha ubao kwa kidevu. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, wale samaki wadogo wa Kituku, kama wapo. Hakuna kuharakisha. Tukimaliza, tunanawa, tunapima tena. Kama namba hazijateleza, kazi imepita. Wewe ulikuwa unanyang'anya vichwa vya sambaza kwenye sahani yangu nikiwa nimegeuka kuangalia ampule, na unakana mpaka leo.

Papa alipotutoka tuliendelea hivyo hivyo, wawili. Nilidhani hilo halitabadilika.

Kisha ikaja kazi ya Mapendo. Sista mkuu alitutafuta mwenyewe, na tulifurahi kama watoto. Kompyuta yenyewe ilikuwa ndogo, inaingia kwenye kisanduku cha chuma ukutani, haina kioo wala vitufe. Kazi yake kuangalia chupa za oksijeni. Chupa ya kwanza ikikaribia kuisha inafungua ya pili, na inapiga kengele mtu aje kubadilisha. Ulimwita "mutoto." Mutoto mwenyewe hakuwa na shida, anakula volti tano tu na anashiba. Shida ilikuwa karti iliyochomekwa ubavuni mwake, ile inayosoma vipimo vya chupa. Karti inataka umeme wa aina tatu kwa pamoja: volti tatu na ushei kwa akili yake, tano kwa kuongea na mutoto, kumi na mbili kwa vipimo. Betri za paneli pale juu ya paa zinatoa ishirini na nne. Ubao wetu ulikuwa ushushe ishirini na nne hizo na kuzigawa, kila mmoja apate chakula chake, na asile cha mwenzake. Volti tano zikiingia kwenye njia ya volti tatu, akili ya karti inaungua kabla hujamaliza kupiga chafya.

Wewe ulitengeneza. Mimi nilikuwa nipime.

Sasa nikuambie nilichokuwa nakiona siku zile na sikusema. Ulianza mambo. Unashika kidude chenye namba mgongoni, unaniita, "Kavira, nisomeye hii, mikono yangu iko na mafuta." Nakuja, naangalia mikono, haina mafuta. Nasoma. Kesho tena. Nikadhani unanijaribu, unataka kuona kama bado nazijua namba. Mara unachukua vile vishushio vya umeme, unatoka navyo mlangoni, unavigeuzageuza juani kama mtu anayeuza pete. Nikajiambia, kumbe, anawaonyesha wanunuzi. Nilikuchungulia kutoka nyuma ya pazia, yaya, nilikuchungulia wewe.

Na Mama Sifa, jirani yetu wa pale mbele anayeuza simu, akaniita pembeni. "Ee Kavira, yaya yako ameanza kujivuna? Ninapita mbele yake, ninamupungia mukono, hanisalimie. Ananiangalia hivi, kama mutu hayuko." Nilikutetea kwa mdomo. Moyoni nikasema mtu anayekwepa macho ya majirani ana analolificha. Hata piki uliacha kuiendesha, ukasema unataka kutembea, mguu umekuwa mzito. Wewe! Uliyekuwa unapita na piki katikati ya chukudu, zile baiskeli za mbao zilizobeba makaa, bila kugusa hata gunia!

Halafu ile siku. Ulinituma Kituku kununua sambaza, ukasema leo tunapima, leo tunakula vizuri. Nilikwenda mbio. Nilipanga hata wapi nitaketi ili usifikie sahani yangu. Nikarudi na sambaza kwenye beseni, nakuta ubao umeshafungwa ndani ya kisanduku chake, na wewe unafuta meza.

Nikasema, "Vidaraja?"

Ukasema, "Nimefunga. Iko sawa."

"Ulipima na nani?"

"Na macho yangu."

Ulisema hivyo bila kunitazama. "Na macho yangu, Kavira, mie siko mutoto." Sikuwa nimewahi kusikia sauti ile kwako. Sambaza wale nilimpa Mama Sifa, sikuweza kuwala. Kesho yake ukaupeleka ubao Mapendo mwenyewe, na wiki haikuisha, ukaondoka. Kitanda kimetandikwa, mfuko wa vyombo haupo. Nilikwenda kukuuliza kwa marafiki zako mmoja mmoja kama mtu anayetafuta mbuzi. Aibu niliyoipata sitakueleza.

Karti iliungua siku masista walipoichomeka, wewe ukiwa umeshaondoka. Mama Vumilia, muuguzi mkubwa wa pale maternite, ndiye aliyeniita. Unamjua, yule mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Nilifika nikakuta harufu ile, ile ya plastiki tamu inayokaa kooni. Nilitoa karti ikiwa na doa jeusi katikati. Nikafunga ampule kwenye ubao wako njia kwa njia. Kumi na mbili, sawa. Tano, sawa. Njia ya tatu na ushei inanipa tano. Nikapima tena, tano. Ulikuwa umechomelea kishushio cha volti tano mahali pa kishushio cha volti tatu. Wewe, Paluku mwana wa Papa, uliyenifundisha mimi kuvitofautisha nikiwa bado na meno ya utoto! Na juu yake kidaraja kimefungwa kwa sudire nene, inayong'aa. Yako.

Nilikaa chini pale sakafuni. Mama Vumilia alisimama juu yangu, mikono kiunoni.

"Ni nani alifanya hii?"

Nikaigeuza karti mkononi.

"Ni yaya yako, hapana? Na yeye ameenda wapi?"

"Sijui, Mama."

"Ee, hujui." Akavuta kiti mbele ya chupa. "Basi miye nitakaa hapa na kuangalia chupa, kwa kuwa masini ya nyiye imekufa. Unataka nikuambie kitu? Ile haikuwa bahati mbaya. Mutu mwenye kujua kazi hivi hakosee hivi."

Hilo ndilo neno lililoniingia. Hakosei hivi. Alisema kweli, hukuwa mtu wa kukosea hivyo. Kwa hiyo ulifanya makusudi. Nikalipanga vizuri kichwani, lilipangika lenyewe: kishushio kizuri cha tatu umekiuza, ukaweka chochote kilichokuwa mezani, ukafunga vidaraja ili nisigundue, ukakimbia. Birere nzima ilikuwa imeshalipanga kabla yangu. Mwenye duka la pembeni aliniapia amekuona Bukavu, ng'ambo ya ziwa, una meza ya vidude vya umeme. Nikamwamini. Nilikasirika kiasi kwamba nilitoa chuma chako cha kuchomelea nje ya droo nikakitia kwenye ndoo ya majivu.

Tangu hapo Mama Vumilia na wenzake wanapokezana kwenye kiti mbele ya zile chupa. Wana watoto wa kuosha, wana mama wa kushona, na bado mmoja lazima akae akodolee mshale wa kipimo. Karti ya mwisho ilikuwa kwangu, ndani ya mfuko wake, nami sikuthubutu kuigusa. Ningeweza kutengeneza ubao mwingine. Nilianza mara nyingi. Lakini nani angenipimia? Kila nikiwasha kipimo nasikia Papa anasema macho yangu inanipendelea, nazima.

Ndipo boti ikaleta kifurushi chako. Yule mbebaji wa Kituku alinikabidhi katikati ya kelele za wauza samaki, akataka aende zake. Nikamshika shati.

"Nani amekupatia?"

"Mutu wa Bukavu. Alisema umupatie Kavira wa Birere mukononi, usimupatie mutu mwengine."

"Alikuwa namna gani?"

"Mama, mie niko mubeba mizigo, siko polisi."

"Alikuwa peke yake?"

Akapandisha mzigo begani. "Hapana. Kuko mwanamuke alikuwa naye. Alimushika mukono mpaka kwa boti."

Mwanamke! Yesu wangu. Nilirudi Birere nikiongea peke yangu njiani. Kumbe ni hilo! Ametuunguzia karti, ametuachia aibu, na yuko Bukavu ameshikwa mkono ufukweni kama bwana harusi! Mama Sifa aliniona ninavyotembea akafunga mlango wake.

Nikaufungua ubao nikiwa na ile hasira, na kila nilichokiona kiliiongeza. Waya zote rangi moja, nyeusi, ile ya kufungia paneli. Ni nani mwenye akili anaweka waya za rangi moja kwenye njia tatu za umeme tofauti? Papa angekupiga kwa kofia yake. Na waya zenyewe zimepigwa mafundo, moja fundo moja, nyingine mawili, nyingine matatu, kama mtu alikuwa anacheza. Vishushio si vile vya siku hizi vya kuzungusha visi, ile skrubu ndogo, mpaka upate namba unayotaka, ambavyo ulikuwa unavipenda na kuvisifu. Umerudi kwenye vile vya zamani vya miguu mitatu, visivyorekebishwa, vinavyotoa namba moja tu maisha yao yote na kupata joto kama pasi. Nikasema, amepewa takataka za mtu. Sudire nayo, Mungu wangu, mabonge! Mengine yamekaa pembeni ya mguu na kuushika kwa bahati. Hiyo haikuwa sudire yako nene ninayoijua. Nikashuku hata kwamba si wewe uliyetengeneza, kwamba kuna mtu anatumia jina lako.

Kitu kimoja tu kilinizuia kuutupa. Vidaraja vyote vitatu vilikuwa wazi.

Nilizunguka meza. Nilivitazama upande huu na upande ule. Ina maana gani mtu aliyevifunga mwenyewe atume ubao vikiwa wazi? Nikajiambia ni ujanja, anataka nivifunge mimi, karti ikiungua tena iwe sudire yangu. Yaya, mtu akishaanza kushuku hakosi sababu.

Lakini njaa iliniuma, na kazi ni kazi. Nikafunga ampule tatu. Nikawasha. Tatu na ushei, tano, kumi na mbili, safi kabisa, na sikuamini. Nikaweka bugali jikoni. Sikuwa nimekula na ubao tangu ile siku ya sambaza, sasa nikala, na sahani ilikuwa moja. Nilikula polepole kwa makusudi, niukomeshe. Ampule hazikufifia.

Makaa yalikuwa mabichi. Upepo ukageuka, moshi ukanijia usoni wote, machozi yakatoka, nikafumba macho. Nikanyosha mkono kuzima ubao kabla sijaangusha kitu. Nilikuwa natafuta kwanza waya wa njia ya volti tano. Na vidole vyangu vikaupata. Mafundo mawili. Nikasogeza, fundo moja, hiyo ni tatu na ushei. Nikasogeza, mafundo matatu, kumi na mbili. Nikagusa vishushio, kila kimoja kimekaa mbali na mwenzake, nafasi ya kidole katikati. Nikagusa yale mabonge ya sudire, mengine marefu, mengine yamebanduka kidogo. Yalikuwa yamewekwa na mtu aliyekuwa anatafuta mguu kwa ncha ya kidole na kuungua.

Moshi ulishapita. Sikufumbua macho. Nilikaa hivyo, mkono juu ya ubao wako, na yote yakanijia kwa mpigo mmoja. Namba nilizokuwa nakusomea. Mlangoni, juani, ukivigeuzageuza. Mama Sifa na mkono wake ulioupita bila kuuona. Piki. Vishushio visivyo na visi, kwa sababu visi inataka mtu asome kipimo. Mwanamke aliyekushika mkono mpaka kwa boti.

Huoni, yaya. Huoni, na ulinificha.

Nililia kwa sauti, Mama Sifa akaja mbio akidhani nimeungua. Nikamfukuza. Baadaye nikamwita nikamwambia yote, na yeye akakaa chini, akafunika mdomo na kitenge. "Na miye nilikuwa ninamutukana," akasema. Sasa anatembea Birere nzima akimwambia kila mtu, hata wasiokujua. Mwenye duka la pembeni ameacha kuapa.

Lakini mimi sijamaliza na wewe. Nimekushuku kwa jambo ambalo hukufanya, sawa, ila hukuwa mweupe, na hilo nitakuambia usoni. Ungeniacha nipime siku ile, ningekuta tano mahali pa tatu. Ningekutazama. Ungejua nimejua. Hicho ndicho ulichokikimbia, si ndiyo? Ulifunga vidaraja ili mimi nisikuone. Ukachagua karti iungue, ukachagua Mama Vumilia akae kwenye kile kiti, kuliko mimi mudogo wako nijue kwamba macho yako yamechoka. Mimi, niliyekusomea namba miezi yote ile! Ulidhani nitafanya nini, nitakuuza sokoni? Nimekasirika, yaya. Nakupenda na nimekasirika, na vyote viwili vinanifanya nishindwe kulala vizuri.

Vidaraja vyako nimevifunga. Sudire yangu nyembamba, ya mtu mwenye njaa. Niliupeleka ubao Mapendo nimeupakata, nikatembea kwa miguu, nikiogopa kurushwa na piki kwenye mashimo. Mama Vumilia alisimama pale pale, mikono kiunoni, akanitazama natoa karti ya mwisho mfukoni.

"Ni ya nani hii?"

"Ya yaya yangu."

"Ile iliunguza ingine?"

"Ndiyo yeye."

"Na unaiamini?"

Nikamwambia, "Mama, kazi ya nyumbani kwetu haiaminiwi. Inapimwa. Na hii nimepima mimi."

Nikaichomeka. Taa ndogo ya kijani ikawaka na kukaa. Mutoto akasoma chupa ya kwanza, akasoma ya pili. Tukafunga valvu ya chupa ya kwanza kwa makusudi ili kumjaribu, akafungua ya pili bila kuchelewa, na kengele ikapiga kwa nguvu mpaka vichanga viwili vikaanza kulia. Mama Vumilia hakusema asante. Alikiinua kile kiti, akakipeleka kwenye kona ya mama wanaonyonyesha, akakaa juu yake mwenyewe, akavua viatu. Sijawahi kumwona amevua viatu.

Nimekuchukulia chuma chako kutoka kwenye majivu. Nimekisugua. Nina kazi nyingine imekuja, ya pampu ya maji, nao wana mutoto wao na karti mbili, na nimeitengeneza tayari, iko mezani, vidaraja viko wazi. Sina wa kunipimia. Kipimo tunaweza kukitafutia namna, kuna vinavyolia, kuna mimi nitakayekutajia namba na wewe utakayekataa kuniamini. Hilo unaliweza bila macho. Umekuwa ukilifanya tangu nikiwa mdogo.

Na sasa nataka kuongea na wewe unayemsomea barua hii. Dada, au mama, sikujui, na nimekutukana njia nzima kutoka Kituku, unisamehe. Asante kwa kumshika mkono. Msomee yote, usiruke pale nilipomkaripia, nitajua ukiruka. Atakapokuambia uandike jibu, atakutajia maneno: mwambie Kavira ninaendelea vizuri, macho yanarudi, asije, nitakuja mwenyewe. Usiyaandike. Mwangalie wewe, uniandikie unachokiona, kwa mkono wako.

Mudogo wake asiyemwamini hata kidogo,

Kavira